Mchumba Asiyeijua Njia ya kwa Wazee

Katika vitongoji vya Ubungo na Temeke, tangu Manzese hadi Mbagala, si ajabu kumkuta kijana na binti wakikaa katika chumba cha kupanga kwa miaka mitatu au minne, majirani wakiwaita mtu na mkewe, hali wazazi wa binti hawajapata kumwona mshenga mlangoni. Binti akiuliza, hujibiwa kwamba mambo yako mbioni.

Hatusemi kwamba kila anayechelewa ni mwongo. Maisha ya mjini ni ghali. Hata hivyo, mwenye nia na asiye nayo hawafichikani. Mwenye nia, hata akiwa hana kitu, humtuma mzee akabishe hodi. Asiye na nia hutaja Mfunguo Mosi, nao ukifika hutaja mavuno. Kijiji chake hakijulikani, ndugu zake hawaonekani. Hupenda kupikiwa na kufuliwa, lakini hapendi kuitwa mkwe.

Udhuru mkubwa ni mahari. Lakini Sheria ya Ndoa Namba 5 ya mwaka 1971 haiitangui ndoa kwa sababu tu mila ya mahari haikutimizwa. Inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla ya ndoa. Ni siku 21, si miaka minne.

Sheria hiyo haikumsahau aliyehadaiwa. Kifungu cha 69 kinaruhusu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa ni mume na mke, watachukuliwa kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Hata ikithibitishwa hivyo, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Lakini mahakama hutaka ushahidi, na bwana akishahama usiku, mashahidi nao huwa wamehamia mitaa mingine.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao mabinti zao huvuka bahari kutafuta kazi na elimu, hawana budi kufahamu kwamba Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Visiwani, mashauri ya ndoa za Waislamu huamuliwa na Mahakama ya Kadhi. Binti anayerudi nyumbani na mtoto mgongoni asidhani kwamba kifungu cha 160 kitapanda meli pamoja naye.

Kwa hiyo tunawaomba watendaji wa kata na maofisa wa ustawi wa jamii wavieleze vifungu hivi katika mikutano ya mitaa, kabla ya machozi na si baada yake. Nao wazazi wasione haya kuuliza mapema. Swali ni moja tu: mshenga anakuja lini? Mwenye nia ataitaja siku.