Kofia ya Lenzi na Michoro ya Kolo

Mchungaji wa Kigogo atafutaye ng'ombe wake katika nyika za Dodoma wakati wa kiangazi huweka kiganja juu ya nyusi kabla ya kutazama mbali. Kiganja hicho hakimwongezei mwanga ng'ombe aliye mbele, wala hakimpunguzii. Kazi yake ni kuuzuia ule mwanga utokao juu, usiohusika na kitu kinachotazamwa, usije ukaingia jichoni na kuvuruga taswira. Kofia ya lenzi, yaani bomba fupi livaliwalo mbele ya lenzi ya kamera, hufanya kazi hiyo hiyo. Ni kifaa sahili mno, hakina kioo wala springi, na kwa sababu hiyo watu wengi hukidharau. Hata hivyo, kwa mwenye kamera ya zamani, kofia iliyopatana na lenzi yake huweza kuleta tofauti baina ya picha na ukungu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Dodoma. Kaskazini mwa mji wa Kondoa, katika vilima vya Kolo na Pahi, kuna miamba mikubwa iliyojiinamia mfano wa paa la nyumba. Chini ya miamba hiyo, watu wa kale walichora wanyama na binadamu kwa rangi nyekundu yenye asili ya madini ya chuma. Mwaka 1951, Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi huko wakinakili michoro hiyo kwa mkono. Kazi hiyo ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1983, na kichwa cha kitabu hicho kinaiita sanaa hiyo kuwa ni sanaa inayotoweka. Mwaka 2006 eneo hilo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 hivi, liliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kutoweka huko si maneno matupu. Jua, mvua, mchwa na mikono ya watu vyote vimechangia. Miongoni mwa madhara yaletwayo na watu, moja linahusu upigaji picha moja kwa moja: mgeni aonapo mchoro umefifia, humwagia ukuta maji ili rangi ikolee, kisha hupiga picha. Ni kweli kwamba rangi hukolea kwa dakika chache. Lakini maji huyeyusha chumvi zilizomo mwambani na kuzileta usoni, nayo yanapokauka huacha utando mweupe juu ya rangi. Kwa hiyo swali la namna ya kupata picha iliyo wazi bila kuugusa ukuta ni swali la kuhifadhi urithi, wala si la anasa.

Mwanga mzururaji

Ili kuifahamu kazi ya kofia, yafaa kwanza kutazama safari ya mwanga ndani ya lenzi. Mwanga unapotoka hewani na kuingia katika kioo cha kawaida, au unapotoka kiooni na kurudi hewani, kiasi cha asilimia 4 huakisiwa. Lenzi nyingi za milimita 50 za zamani, kama vile Elmar ya kampuni ya Leitz, zina vioo vinne vilivyopangwa katika mafungu matatu. Hivyo mwanga hukutana na nyuso sita zilizo baina ya kioo na hewa. Ikiwa nyuso hizo hazikupakwa dawa ya kupunguza mwakisiko, mwanga unaofika kwenye filamu kwa njia yake iliyo halali ni kama asilimia 78 tu. Sehemu ya asilimia 22 iliyobaki hurudi nje. Sehemu nyingine hudunda huku na huko ndani ya lenzi, na hatimaye huangukia filamu mahali pasipo pake. Huo ndio mwanga mzururaji.

Dawa hiyo ya kupaka ilivumbuliwa mwaka 1935 na Olexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani, nayo ilienea katika kamera za raia baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa sababu hiyo, lenzi nyingi za miaka ya 1930 hazina dawa kabisa. Zile za miaka ya 1950 aghalabu zina tabaka moja, ambalo mara nyingi limekwisha kukwaruzwa kwa kufutwa na vitambaa kwa miongo mingi.

Madhara ya mwanga mzururaji huonekana vizuri kwa hesabu ndogo. Tuseme mchoro mwekundu unaleta kwenye filamu mwanga wa kiasi cha 10, na jiwe linaloizunguka rangi hiyo linaleta kiasi cha 14. Uwiano wao ni 1.4. Sasa mwanga mzururaji wa kiasi cha 10 ukijitandaza juu ya picha nzima, mchoro utakuwa 20 na jiwe litakuwa 24, na uwiano utashuka hadi 1.2. Mchoro haukufutika ukutani. Umefutika katika lenzi. Mpiga picha asiyelijua hilo atadhani kosa ni la ukuta, na ataomba ndoo ya maji.

Hali ya Kolo inaualika sana mwanga wa namna hiyo. Ukuta wenye michoro uko kivulini, ilhali mbingu na udongo ulio nje ya mwamba vinang'aa. Mahali hapo pako karibu na nyuzi 5 kusini ya Ikweta, hata jua la adhuhuri hufika karibu na utosi katika mwezi wa Machi na tena katika mwezi wa Oktoba. Mpiga picha anayeuelekea ukuta kwa mshazari huwa na mbingu nyeupe pembeni mwa lenzi yake, nje kidogo tu ya mipaka ya picha.

Kidirisha kisichosema kweli

Kamera zinazozungumzwa hapa ni zile zenye kipima-masafa, kama Leica zilizotolewa tangu mwaka 1932, na FED na Zorki za Muungano wa Kisovyeti. Mtumiaji wa kamera hizo hatazami kupitia lenzi. Hutazama kupitia kidirisha kilicho juu ya lenzi, kando kidogo, na humo huzikutanisha taswira mbili za kitu kimoja ili apate umbali sahihi.

Mpango huo una faida nyingi, lakini katika suala la kofia una hatari mbili. Kwanza, kofia ikiwa ndefu kupita kiasi hukata pembe za picha na kuzitia weusi, na kidirisha hakitoi onyo lolote. Hasara huonekana filamu ikisha kusafishwa. Pili, kofia pana hujitokeza mbele ya kidirisha na kuziba pembe ya chini, kwa kawaida upande wa kulia. Ndiyo maana baadhi ya kofia za kamera hizo zilitobolewa madirisha ubavuni, jicho lipate kupenya.

Kupata kofia inayofaa

Mtafutaji hana budi kupatanisha vipimo viwili: kipenyo na urefu.

Kipenyo ndicho huifanya kofia ishike. Elmar ya milimita 50 yenye kitundu cha 3.5 haihitaji kofia ya kuzungushwa kwa hesi. Kofia yake huvikwa kwa nje, juu ya ukingo wa milimita 36, kisha hukazwa. Lenzi nyingi za Leitz zilizofuata zina hesi ya ndani ya milimita 39, na Jupiter-8 ya Kisovyeti ina hesi ya milimita 40.5. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa hesi ya nyuma, ile inayoishikiza lenzi kwenye kamera za Leica za mwanzo, nayo ni ya milimita 39. Namba ni moja, lakini hesi ni mbili tofauti. Anayeagiza kofia kwa kusema "lenzi ya 39" huenda akapata isiyoingia mbele. Inafaa apime mbele ya lenzi kwa kalipa, akikumbuka kwamba kipimo cha ndani ya hesi hupungua kama nusu milimita: palipoandikwa 40.5, kalipa itaonyesha takriban 40.

Urefu ndio huifanya kofia ifanye kazi. Picha ya filamu ya kawaida ina milimita 24 kwa 36, na mshazari wake ni milimita 43.3. Lenzi ya milimita 50 iliyolenga mbali huona pembe ya nyuzi 47 hivi kutoka kona hadi kona. Kutokana na hayo hupatikana kanuni hii: kipenyo cha mdomo wa kofia kisipungue kipenyo cha kitundu, pamoja na 0.87 mara umbali kutoka kitundu hadi mdomo. Kitundu kinachopimwa ni kile kionekanacho mtu anapochungulia lenzi kwa mbele.

Kwa mfano, Elmar iliyofunguliwa hadi 3.5 ina kitundu cha milimita 14.3. Kofia yenye mdomo wa milimita 36 itaruhusu umbali wa milimita 25. Ikiwa kitundu kinaonekana kiko milimita 10 ndani ya ukingo wa lenzi, basi kofia itokeze milimita 15 tu. Kitundu kikipunguzwa hadi 8, kipenyo chake huwa milimita 6.25, na kofia huweza kutokeza milimita 24. Anayepiga michoro kwa kamera iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu anaweza kutumia hiyo ndefu. Kwa lenzi ya milimita 35, namba 0.87 huwa 1.24, na kwa lenzi ya milimita 90 huwa 0.48. Hivyo kofia ya lenzi moja haiifai nyingine, hata kama hesi zao zinalingana.

Kofia ikisha kupatikana, ijaribiwe. Katika FED-2 na Zorki-4, ambazo mgongo wake huondolewa, kamera iwe haina filamu, kiziba-mwanga kiachwe wazi kwenye alama ya B, na kamera ielekezwe kwenye ukuta mweupe, kamwe si kwenye jua. Jicho liwekwe penye kila kona ya dirisha la filamu: kitundu kikionekana kizima, kofia inafaa, kikionekana kimemegwa, kofia ni ndefu. Leica za zamani hujazwa filamu kwa chini na mgongo wake haufunguki, kwa hiyo hizo zijaribiwe kwa kupiga picha za ukuta mweupe, kofia ikiwapo na isipokuwapo.

Aliyekosa kofia ya kununua anaweza kuikata kutoka kwenye karatasi ngumu nyeusi. Sharti la pekee ni kwamba ndani isiwe na mng'ao. Masizi yaliyochanganywa na gundi yanatosha. Katika Elmar, mwenye kamera akumbuke kuchagua kitundu kabla ya kuvika kofia, kwa maana kijiti chake kiko mbele kabisa ya lenzi.

Mipaka ya kifaa

Kofia haitibu kila ugonjwa. Haizuii mwanga ulio ndani ya mipaka ya picha. Mbingu ikiingia katika picha, dawa ni kusogea. Haiondoi ukungu uliokwisha kuota ndani ya vioo. Wala haifanyi yote yafanywayo na maji, kwa sababu maji hujaza vikwaruzo vya jiwe na kupunguza ule weupe unaotawanywa na uso wake. Kwa weupe huo, njia salama ni kungoja saa ambayo mwanga hauupigi ukuta vibaya. Baadaye picha inaweza kupitishwa katika kompyuta: programu ya DStretch, iliyotungwa na Jon Harman, hutenganisha rangi zilizofifia hata zikasomeka tena. Lakini kompyuta nayo hukuza kile tu ilicholetewa, na picha iliyofika ikiwa na mchoro na jiwe vilivyotenganishwa vizuri huipa kazi nyepesi zaidi.

Picha zilizopigwa Kolo katika karne iliyopita leo ni ushahidi: kwa kuzilinganisha na ukuta ulivyo sasa, wataalamu huweza kujua ni mstari upi umepotea na upi umebaki. Picha zinazopigwa sasa zitahojiwa vivyo hivyo. Kipande cha karatasi nyeusi, kilichopimwa kwa kalipa na kuvikwa mbele ya lenzi kuukuu, kinaweza kuzifanya zijibu kwa usahihi, na ukuta ukabaki mkavu.