Daftari ya Biashara ni Shahidi wa Amani



Leo tunasema juu ya kufundisha wanafunzi wa vyuo vikuu kuanzisha biashara. Hapa Goma, ULPGL ilianza mwaka 1985, na Chuo Kikuu cha Goma mwaka 1993. Kijana anapata diploma, lakini kazi hakuna. Anayekaa bure huitwa haraka na wenye bunduki. Kwa hiyo somo hili ni jambo la amani.

Lifundishwe namna gani? Tuseme wanafunzi wanne wanatoa dola 25 kila mmoja. Wananunua maharagwe kwa dola 90, usafiri dola 10, wanauza yote Soko la Virunga kwa dola 115. Lakini dola 35 ni deni la mama mmoja aliyekimbia Masisi. Hakuna aliyeandika. Wanafunzi wanasema deni ni 35. Mama anasema ni 20. Dola 15 za ubishi, ndizo faida yote. Kesho utasikia: “Kabila lile ni wezi.” Ugomvi wa maharagwe umekuwa ugomvi wa makabila.

Sheria inatoa dawa. Kongo iliingia mwaka 2012 katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara. Sheria yake ya 2010 inamruhusu mtu mwenye kazi ndogo kujiandikisha bila kulipa. Lakini inamlazimisha kuandika kila siku pesa iliyoingia, ilikotoka, iliyotoka na kazi iliyofanya. Daftari hiyo aitunze miaka 5. Sheria hii ni ya mtu mmoja. Wanaoshirikiana waandike kwanza mapatano yao.

Basi mwalimu asiishie ubaoni. Ampeleke mwanafunzi sokoni, aandike pamoja na mama muuzaji, kila mmoja abaki na nakala na sahihi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi.

Januari 2025, M23 ilipochukua mji, benki zilifunga milango. Daftari haingoji benki.

Wazazi, mtoto aliyesoma awaandikie hesabu nyumbani. Wakubwa wa mitaa, mkiletewa shauri la deni, ulizeni kwanza: “Imeandikwa wapi?” Msiulize: “Ni wa kabila gani?”