Ulinganisho wa Madhara ya Benzeni, Tolueni na Zaileni kwa Vinasaba: Mazingira ya Uuzaji wa Petroli ya Chupa Nyabibuye

Kata ya Nyabibuye imo katika Wilaya ya Kakonko, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo. Katika vijiji vya nyanda za juu za Kigoma vilivyo mbali na vituo vya mafuta, petroli ya bodaboda humiminwa kutoka kwenye madumu na kuuzwa katika chupa za plastiki. Muuzaji huvuta mvuke kila anapomimina, na pengine huanzisha mtiririko kwa kunyonya mpira. Mvuke huo una benzeni, tolueni na zaileni, kemikali ambazo pua haiwezi kuzitenganisha. Swali la msingi ni iwapo kemikali hizo, zinazofanana kimuundo, hudhuru vinasaba kwa namna moja.

Zote zina pete ya atomu sita za kaboni. Benzeni ni pete tupu. Tolueni imeongezewa kikundi kimoja cha methili, na zaileni viwili. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua hatima yake mwilini. Katika ini, vimeng'enya, hususani CYP2E1, huziongezea oksijeni. Kwa tolueni na zaileni, oksijeni hushika zaidi kikundi cha methili. Tolueni hugeuka kuwa asidi ya benzoiki, hufungamana na glisini kuwa asidi ya hipuriki, kisha hutoka kwa mkojo. Zaileni hufuata njia inayofanana na hiyo.

Benzeni haina kikundi hicho. Kwa hiyo pete yenyewe ndiyo hushambuliwa. Huzalishwa fenoli, katekoli na hidrokwinoni, ambazo hufika kwenye uboho. Humo kimeng'enya mieloperoksidasi huchangia kuzigeuza kuwa kwinoni, ambazo hushikamana na protini na kuzuia topoisomerasi II, kimeng'enya kinachokata na kuunga tena nyuzi za DNA. Matokeo yake ni kuvunjika kwa kromosomu, au seli kuwa na idadi isiyo sahihi ya kromosomu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka benzeni katika Kundi la 1, kwa kuwa husababisha saratani ya damu. Tolueni na zaileni zimo Kundi la 3, yaani ushahidi haujatosha kuziainisha. Hata hivyo, hilo halizifanyi kuwa salama, kwani zote mbili hudhuru mfumo wa neva.

Ulinganisho huu una maana tatu. Kwanza, kupima jumla ya mvuke pekee huficha kemikali iliyo hatari zaidi kwa vinasaba. Pili, asidi ya hipuriki katika mkojo haioneshi kiasi cha benzeni, na huongezeka pia kwa kunywa soda yenye benzoati. Kipimo mahususi zaidi ni asidi ya S-fenilimerkapturiki, itokanayo na benzeni yenyewe. Tatu, Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote salama cha benzeni hewani. Hivyo basi, kutumia pampu ya mkono badala ya mdomo, kumimina mafuta mahali pa wazi na kutoweka madumu katika vyumba vya kulala ni hatua zisizopaswa kusubiri majibu ya maabara.