Sashe ya dawa ya muzee: tuifungue pamoja

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mgodi, Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi, kuko sashe moja inayotundikwa kwa musumari nyuma ya mulango. Ndani mwake muko dawa za muzee: ya tanshioni, ya tumbo, ya kikohozi, na zingine zilizobakia tangu malaria ya mwaka jana. Kila munganga aliandika yake. Hakuna aliyeziona zote pamoja.

Siku moja muzee anasimama, kizunguzungu kinamushika, anaanguka. Kisha muda mufupi anaamuka kama vile hakuna kitu. Sisi tunasema: "Njo uzee." Wengine: "Bamemuloga." Hakuna anayeangalia ile sashe.

Moyo unapiga kwa umeme wake wenyewe. Kila pigo likiisha, unahitaji muda kidogo wa kujichaji tena, sawa na taa ya kichwa ya muchimbaji. Dawa fulani zinarefusha ule muda. Ukirefuka sana, pigo lingine linaweza kuingia mbele ya wakati. Moyo unatetemeka bila kusukuma damu. Mutu anazimia, na pengine haamuki tena. Munganga Mfaransa François Dessertenne alieleza hatari hiyo mwaka wa 1966, akaiita torsades de pointes. Mgonjwa wake alikuwa mama wa miaka 80.

Dawa zenyewe tunazijua: kinini ya malaria, eritromisini, azitromisini na siprofloksasini za kuua mikrobi, domperidoni ya kuzuia kutapika, haloperidoli ya wazee wanaovurugika akili. Kwa wachimbaji tuongeze bedakilini na moksifloksasini, za kifua kikuu kinachokataa dawa za kawaida, maana vumbi la mawe linafungulia ugonjwa huo mulango.

Hizi si sumu, zinaponesha. Hatari inakuja zikikutana mbili ao tatu katika mwili wa muzee, ambamo figo zimechoka na dawa inakawia kutoka. Kuhara, kutapika, na dawa za kukojolesha kama furosemidi zinaondoa potasiamu, chumvi ambayo moyo unahitaji ili upige sawasawa. Hata kipimo ni kitu kikubwa: Ulaya, tangu 2014, domperidoni haipite miligramu 10 mara tatu kwa siku, na kwa kawaida juma moja tu.

Basi tufanye nini? Tukienda kwa munganga ao farmasi, tubebe sashe nzima, pamoja na dawa za kienyeji. Tuulize: "Hii mupya inaweza kukaa pamoja na hizi?" Tuseme kama muzee amekwisha kuzimia, ao kama katika jamaa kuko mutu aliyekufa gafula. Tuombe elektrokardiogramu; ni mashini inayoandika mapigo kwenye karatasi, haiumize. Ule muda ukipita milisekonde 500, hatari imekuwa kubwa, munganga anapaswa kuangalia upya dawa zote.

Muzee akizimia ao moyo ukimupiga ovyo, tumupeleke lopitali siku ileile. Lakini tusimukatize dawa sisi wenyewe: tanshioni iliyoachwa bila dawa inaua pia. Na zile zilizobakia za mwaka jana, tusimupe tena.

Leo jioni, tuishushe ile sashe kwa musumari.