Maswali Nane Mliyoniuliza Kuhusu Mimi, na Lile Moja Nililotaka Kuliruka

 

Leo hatuanzi na mbegu wala dawa. Wiki iliyopita kijana mmoja aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Bwana Shamba, wewe unatujua sisi mpaka madeni yetu. Sisi wewe tunakujua kofia tu." Nikacheka, nikajibu haya, leteni maswali. Jamani, mlileta! Nimechagua nane. Mengi ni ya utani na nimeyajibu kwa utani. Moja nilitaka kuliruka. Nimeliweka namba saba, na nawaomba msikimbilie huko kwanza.

1. Utotoni ulikuwa na jina gani la utani?

Niliitwa "Urea". Nilikuwa darasa la tatu, kijijini kwetu karibu na Ilula, kule barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakopita katikati ya nyanya. Mama alinipa mistari miwili ya mahindi nyuma ya jiko, iwe yangu mwenyewe. Nikamwona baba anaweka mbolea nyeupe mahindi yakiwa usawa wa goti, anapima kwa kifuniko cha soda. Nikawaza: kama kifuniko kimoja kinanenepesha mahindi namna hii, kiganja kizima je?

Nikaiba kopo zima. Nikamwaga kiganja kila shina, palepale kwenye shina. Baada ya siku chache majani yalikuwa yameungua pembeni kama yamepitiwa na moto. Baadaye yakakauka kabisa. Baba hakunichapa. Alifanya kibaya zaidi: aliwaita watoto wa jirani waje wamwone Bwana Urea na shamba lake. Mpaka leo nikirudi kijijini kuna wazee wananiita hivyo mbele ya wanangu.

Basi na ninyi mjue: mbolea ya chumvichumvi ikizidi inanyima mizizi maji, mmea unakauka udongo ukiwa na unyevu. Weka pembeni ya shina kama sentimita 5 hadi 10, fukia, na usiweke kwenye udongo mkavu.

2. Una tabia gani ambayo watu wanakushangaa?

Mbili. Ya kwanza, nazidisha kila ninachokiona. Nikipita shambani kwa mtu siwezi kusalimia vizuri kabla sijapiga hesabu. Nafasi ya sentimita 90 kwa 60, ekari moja inaingia karibu miche 7,500 ya nyanya. Kama amenunua mbegu za miche 5,000, kichwani nimeshamuuliza nafasi iliyobaki ataiweka nini. Mke wangu anasema hata kanisani nahesabu viti.

Ya pili, nageuza majani. Nikiliona jani lazima nilitazame kwa chini. Niliwahi kufanya hivyo kwenye harusi, kwenye maua ya meza kuu, na nikamwambia bibi harusi kwamba ana utitiri. Alidhani namtukana.

3. Chakula gani huwezi kula?

Kachumbari. Najua mtacheka, bwana shamba wa nyanya hali nyanya mbichi. Zikipikwa nakula vizuri tu. Tatizo ni kwamba nilipokuwa mdogo, nyanya zilizokataliwa na wanunuzi ndizo zilikuwa mboga yetu, kitafunwa chetu na wakati mwingine chakula cha mchana. Lori likiondoka, zile zilizopasuka na zilizooza upande mmoja zinabaki, mama anakata upande mzima. Nilikula nyanya za maisha yangu yote kabla sijafika miaka kumi na mbili.

4. Unaogopa nini?

Bata mzinga. Sina maelezo ya kitaalamu. Mwaka mmoja nilikwenda kufundisha kikundi cha akina mama kuhusu kitalu, bata mzinga wa mwenye nyumba akanifukuza mpaka nikapanda juu ya banda la nguruwe. Somo lililobaki nilifundishia huko juu. Akina mama wale wamekishika kilimo cha kitalu kuliko kikundi chochote nilichowahi kukifundisha, kwa hiyo labda njia ni hiyo.

5. Ulipokuwa mtoto ulitaka kuwa nani?

Mnunuzi wa nyanya kwenye lori. Siyo dereva, yule anayekaa pembeni yake na mfuko wa rambo. Kila msimu yeye ndiye aliyekuja na bei. Baba alilima, mama alipalilia, sisi tulibeba matenga kichwani mpaka barabarani, halafu mtu mmoja anashuka, anabonyeza nyanya mbili, anataja namba. Na tenga lenyewe lilijazwa mpaka likawa na kilima juu. Lumbesa ile sisi watoto ndio tuliipanga.

Nakumbuka msimu mmoja tulijaza matenga mengi kuliko wakati wowote. Baba alirudi na redio mpya, mama na kitenge, mimi viatu. Tulisherehekea kweli. Januari ilipofika, ada ya dada yangu haikuwepo. Tukakaa sote tukijiuliza hela imekwenda wapi. Hakuna aliyeiba. Kumbe haikuwepo toka mwanzo: dawa ilikopwa, mbolea ilikopwa, vibarua walidai. Tulisherehekea mauzo tukadhani ni faida. Dada alikaa nyumbani mwaka ule, na mwaka uliofuata hakurudi tena shule. Leo ana watoto wanne na duka lake dogo, na hajawahi kunilaumu kwa vile viatu. Mimi ndiye ninayevikumbuka.

6. Kitu gani huwezi kutoka nyumbani bila kuwa nacho?

Daftari dogo na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Bluu naandika kilichoingia, nyekundu kilichotoka. Baada ya kusoma jibu la namba tano mtaelewa kwa nini nawasumbua kila siku na daftari.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mfano tu: umetumia shilingi 2,400,000 kwa ekari, ukiweka mbegu, dawa, maji, vibarua, matenga na kukodi shamba. Umevuna matenga 200. Gawanya. Kila tenga limekugharimu shilingi 12,000. Dalali akija na 10,000, wewe huuzi, unamlipa 2,000 kwa kila tenga ili akuondolee nyanya. Inawezekana ukakubali kwa sababu zinaoza, sawa. Lakini kubali ukiwa unajua. Na jasho lako mwenyewe liandike, kwa sababu ungelifanyia kazi kwa mtu angekulipa.

7. Bwana Shamba, umewahi kutudanganya?

Aliyeuliza aliweka alama ya kucheka pembeni. Mimi sikucheka.

Ndiyo. Mwaka 2016.

Mwaka ule nililima ekari moja ya nyanya yangu binafsi, mbali kidogo na kituo changu cha kazi. Kanitangaze alikuwa ameshaingia nchini. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, na kwetu alionekana mara ya kwanza 2014 upande wa Arusha, kisha akasambaa. Kiwavi wake anakaa ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula humo akiacha mabaka kama karatasi. Halafu anaingia kwenye tunda. Jike moja linaweza kutaga mayai hadi 260. Kukiwa na joto, ndani ya wiki tatu au nne kizazi kingine kiko tayari.

Nilipiga dawa ileile kila wiki. Ilipogoma nikaongeza kipimo, kosa ambalo nawakataza ninyi kila siku. Nilivuna matenga kumi na moja. Hela ile ilikuwa ya bati za nyumba. Sikumwambia mtu zaidi ya mke wangu. Ningemwambiaje mkulima kwamba mtaalamu amepigwa na mdudu ambaye analipwa mshahara kuwafundisha watu kumzuia?

Wiki chache baadaye kijana mmoja, nitamwita Dogo, akanipigia simu. Alikuwa ameuza pikipiki yake ya bodaboda akaingia kwenye nyanya. Akasema, "Kaka, majani yana mabaka." Mimi nikajibu haraka haraka, "Badilisha dawa." Nikakata simu.

Nilipofika shambani kwake nilikuta chupa tatu. Majina matatu tofauti, rangi tatu tofauti. Nikageuza lebo moja, nikageuza ya pili, nikageuza ya tatu. Kiambato kile kile kwenye zote. Na ni kile kile kilichonishinda mimi. Dogo alibadilisha chupa, dawa hakubadilisha, na mimi sikumwambia tofauti yake. Ningemwambia siku ile ya simu, "Mdogo wangu, mimi mwenyewe nimepoteza ekari, hii hapa ndiyo dawa iliyoshindwa," pengine angeokoa nusu ya shamba. Aliniuliza pale pale, miguu yake ikiwa kwenye nyanya zilizooza: "Kaka, ulikuwa unajua kwamba hii haifanyi kazi?"

Nikasema hapana.

Hilo ndilo jibu la swali lenu. Mdudu wakulima wamempa jina Kanitangaze, nenda ukanitangaze. Wakulima wote walimtangaza. Mimi ndiye nilinyamaza, kwa sababu ya aibu na kofia ya kazi.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia Dogo. Siku hizi analima vitunguu na anafanya vizuri. Nikamweleza kila kitu. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Nilijua, kaka. Niliyaona matenga yako matupu nyuma ya nyumba, yakiwa mapya." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilikuwa nasubiri useme wewe." Nikamuuliza kama naweza kuandika. Akasema andika, ila jina langu usiweke, na waambie wasome lebo.

Basi nawaambia kama alivyoagiza, pamoja na mengine ambayo nilipaswa kuyasema siku ile:

- Soma kiambato kwenye lebo, usiishie kwenye jina kubwa la mbele. Majina mawili ya dukani yanaweza kuwa dawa moja. Kubadilisha dawa maana yake ni kuhamia kundi jingine linaloua kwa njia nyingine. Muulize muuza pembejeo akuonyeshe kwa kidole.

- Dawa ikigoma usiongeze kipimo. Unachochuja hapo ni wadudu sugu, wale dhaifu wanakufa na wale wagumu wanazaana. Pia unaweka sumu kwenye chakula cha watu. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo.

- Weka mitego ya harufu mapema, kabla hujaona mabaka. Mtego unakwambia mdudu amefika. Geuza majani angalau mara mbili kwa wiki. Jani lenye mabaka litoe, liweke kwenye mfuko, lifunge, litoke nje ya shamba. Usilitupe pembezoni.

- Ukimaliza kuvuna, ng'oa masalia yote usiyaache shambani. Halafu usirudishe nyanya, wala viazi mviringo, bilinganya au mnavu, maana hao ni ndugu na mdudu anawajua. Weka mahindi, maharage au vitunguu.

- Ukipigwa, sema. Mwambie jirani yako tarehe, dawa na kipimo ulichotumia. Hasara yako ukiificha, jirani atailipia mara ya pili.

8. Ungekuwa na miaka 20 leo, ungefanya nini tofauti?

Ningelima nusu ekari badala ya ekari nzima, nikaishika vizuri. Ningemtafuta mnunuzi kabla sijamwaga mbegu kitaluni. Ningenunua daftari kabla ya viatu vya shamba. Na ningemwomba msamaha mtu siku ileile, siyo miaka mingi baadaye kwa simu.

Bata mzinga ningeendelea kumwogopa.

Haya, mimi nimemaliza. Sasa zamu yenu. Jumamosi hii kwenye kundi kila mmoja ajibu matatu: jina lako la utani la utotoni, chakula cha shambani usichoweza kula, na hasara moja uliyoificha. La tatu ukiona gumu, anza na mawili ya mwanzo. Mimi mwenyewe nilianza na urea.

Msimu mwema. Geuzeni majani.