Kipimo cha Haraka cha UVIKO-19: Majibu Yasomwe Vipi?

Wakazi wengi wamezoea kuchomwa kidole zahanati ili kupimwa malaria. Kipimo cha haraka cha UVIKO-19 ni ndugu wa kile cha malaria: nacho ni kibao kidogo cha plastiki chenye dirisha la kusomea majibu. Tofauti ni kwamba hakihitaji damu, bali ute wa puani.

Mhudumu wa afya huingiza kijiti chenye pamba ndani ya pua, akakizungusha, kisha akakichovya katika maji maalumu na kudondosha matone machache kwenye kibao. Wapo wanaohofia kwamba kijiti hicho hufika ubongoni. Hofu hiyo haina msingi, kwani pua na ubongo vimetenganishwa na mfupa. Anachopata mpimwaji ni mtekenyo na pengine machozi. Majibu huwa tayari ndani ya dakika 15 hadi 30, kulingana na aina ya kipimo.

Mstari wa C huonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipojitokeza, kipimo ni batili na sharti kirudiwe. Ukijitokeza pamoja na ule wa T, hata kama wa T umefifia, virusi vimeonekana. Kibao kisisomwe baada ya muda uliowekwa, maana mstari unaochelewa kutokea unaweza kupotosha.

Jambo linaloleta madhara zaidi ni mtu kuambiwa hana virusi, akarudi nyumbani na kuketi karibu na bibi mwenye kisukari bila tahadhari yoyote. Kipimo hiki hutafuta protini za kirusi chenyewe, nazo lazima ziwe nyingi ndipo zionekane. Huwa nyingi katika siku 5 hadi 7 za mwanzo wa dalili. Aliyepima mapema mno, au baada ya siku hizo, anaweza kuukosa ugonjwa alio nao. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) hutaka kipimo cha namna hii kitambue walau wagonjwa 80 katika kila 100. Maana yake ni kwamba hata kipimo kilichokubalika kinaweza kuwakosa baadhi. Kwa hiyo mwenye dalili aendelee kuvaa barakoa, akae mbali na wazee na wagonjwa, na arudie kipimo baada ya siku moja au mbili, au apimwe kwa PCR pale mtaalamu atakapoona inafaa. Jibu la kuwa na virusi, kwa upande mwingine, mara chache hukosea.

Kutokuwa na UVIKO-19 hakumalizi uchunguzi. Homa bado yahitaji kipimo cha malaria, na aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi atoe makohozi apimwe kifua kikuu.

Si kila zahanati huwa na vibao hivi wakati wote. Ni vyema mkazi aulizie kwanza kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au apige simu ya bure ya Wizara ya Afya, namba 199, kabla ya kulipa nauli. Lakini mwenye kupumua kwa shida, kifua kubana au kuchanganyikiwa asitafute kipimo kwanza: apelekwe hospitali mara moja, naye atapimwa huko huku matibabu yakiendelea.