Fungate Katika Kisiwa cha Bali

Neno fungate tunalijua sote. Ni zile siku saba ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani baada ya kuoana. Hawalimi, hawachoti maji, chakula wanaletewa. Siku hizi watu wenye pesa wameligeuza jambo hili. Hawakai ndani tena. Wakishaoana tu wanapanda ndege, wanakwenda kutembea nchi nyingine. Mahali pamoja wanapopapenda sana ni kisiwa kiitwacho Bali. Hebu tukitazame kisiwa hicho, maana kina mambo ambayo hata mkulima wa mpunga wa hapa kwetu atapenda kuyasikia.

Bali iko wapi? Iko katika nchi ya Indonesia, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 8,000. Lakini iko kusini ya Ikweta karibu sawa na Iringa na Mbeya. Ukubwa wake ni zaidi ya mara tatu ya Unguja, na watu wake ni zaidi ya milioni 4. Kuna minazi, migomba na mpunga. Hata karafuu za Unguja na Pemba asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia.

Watu wengi wa Indonesia ni Waislamu. Bali ni tofauti. Huko, katika kila watu 10, zaidi ya 8 ni Wahindu. Dini hiyo ilitoka India zamani sana. Katika karne ya 15 na ya 16 ufalme wa Kihindu wa Majapahit, katika kisiwa cha Java, ulidhoofika ukaanguka. Makuhani na wakubwa wengi wakahamia Bali, na dini yao ikabaki huko mpaka leo.

Waliofika Dar es Salaam wameona mahekalu ya Wahindu mtaa wa Kisutu. Hekalu la Bali halifanani na hayo. Wao huliita pura. Ni nyua zilizozungushiwa ukuta, na ndani hakuna paa kubwa la kufunika watu. Unasali juani. Kuna vibanda virefu vyenye mapaa yaliyopangwa moja juu ya jingine, mpaka mapaa 11, yaliyoezekwa kwa nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi. Viti vingi vya miungu viko vitupu. Watu huamini kwamba miungu hushuka kukaa humo siku ya sikukuu ya hekalu, ambayo mara nyingi huja kila baada ya siku 210.

Sasa maharusi wetu wamefika. Wanapelekwa wapi? Kwanza Besakih, hekalu kubwa kuliko yote, kwenye mteremko wa mlima Agung. Mlima huu hutoa moto. Mwaka 1963 ulilipuka, ukaua zaidi ya watu 1,000, lakini uji wa moto ulipita kando na hekalu likapona. Kisha Tanah Lot, hekalu lililojengwa juu ya mwamba baharini. Maji yakipwa unakwenda kwa miguu, yakijaa linakuwa kisiwa. Ndani wanaingia wenye kusali tu. Mgeni atabaki nje akitazama jua likizama. Halafu Uluwatu, juu ya jabali refu. Huko kuna kima. Lo, wana werevu! Wanakunyang'anya miwani au kofia, hawakurudishii mpaka uwape chakula.

Kuna adabu zake. Kuingia hekaluni lazima mtu ajifunge shuka kiunoni na mshipi wa kitambaa, mwanamume na mwanamke. Bibi harusi aliye katika siku zake haruhusiwi kuingia. Asubuhi utaona chini, mbele ya nyumba na maduka, vikapu vidogo vya makuti vyenye maua. Hizo ni sadaka, usizikanyage. Wageni kadhaa wamefukuzwa nchini kwa kupiga picha za uchi mahali patakatifu, na mwaka 2023 serikali ya Bali ilitoa mwongozo wa tabia kwa wageni wote. Tena mara moja kwa mwaka, mara nyingi mwezi Machi, kuna siku iitwayo Nyepi. Siku hiyo hakuna kutoka, hakuna moto, hakuna kazi. Hata uwanja wa ndege unafungwa saa 24. Maharusi wakikutwa na siku hiyo watakaa ndani ya hoteli. Basi hiyo ndiyo fungate yenyewe tunayoijua sisi!

Lakini picha ambayo kila mgeni anaitaka ni ya majaruba ya mpunga, yaliyopangwa kama ngazi kwenye vilima. Anapiga picha, anaondoka. Hajui kwamba majaruba hayo na mahekalu ni kitu kimoja.

Iko hivi. Maji hutoka milimani na kupita kwenye mifereji, mingine imetobolewa kwa mikono ndani ya mwamba. Wakulima wanaokunywa, tuseme, mfereji mmoja wana chama chao kiitwacho subak. Wana kiongozi, wana mikutano, na asiyekuja kazini hulipa faini. Wachaga wenye mifereji ya Kilimanjaro watalielewa hili upesi. Vyama hivi vina umri wa miaka 1,000 hivi. Na kila chama kina hekalu lake la maji. Hekaluni ndipo wanapoafikiana nani apande lini.

Mtu atauliza: mkulima wa juu ana maji yote, kwa nini amgawie wa chini? Sababu ni wadudu. Kila mtu akipanda kwa wakati wake, wadudu na panya huhama toka jaruba moja hadi jingine, hawakosi chakula mwaka mzima. Wote wakipanda pamoja na kuvuna pamoja, mashamba yanakuwa makavu kwa wakati mmoja, na wadudu wanakufa njaa. Kwa hiyo wa juu anampa wa chini maji, na wa chini anakubali kupanda naye.

Miaka ya 1970 serikali iliwataka wakulima wapande mbegu mpya za muda mfupi, tena mara nyingi wawezavyo, bila kungoja ratiba ya mahekalu. Mwanzoni mavuno yalipanda. Kisha wadudu wa kahawia wanaofyonza mpunga wakaenea. Dawa zilinyunyizwa, wadudu wakarudi. Mtaalamu Mmarekani, J. Stephen Lansing, alishirikiana na mwenzake kupiga hesabu kwa kompyuta. Ikaonekana kumbe ratiba ya mahekalu ilikuwa na akili kuliko ile mpya. Wakulima wakairudia. Mwaka 2012 UNESCO iliyaweka mashamba na mahekalu hayo katika orodha ya urithi wa dunia.

Taabu ya sasa ni nyingine. Mwaka 2024 Bali ilipata wageni zaidi ya milioni 6 kutoka nje, yaani wengi kuliko wenyeji. Wageni wanataka vyumba, na vyumba vinajengwa palipokuwa na majaruba. Wanataka pia mabwawa ya kuogelea. Hoteli zinachimba visima virefu, na kusini mwa kisiwa baadhi ya visima vimeanza kuingiwa na chumvi ya bahari. Vijana nao wanaona kazi ya hoteli inalipa kuliko kuinama tope tupu. Jaruba moja likiuzwa katikati, mfereji unakatika, na walio chini yake wanakosa maji hata kama wao hawakuuza kitu.

Tangu tarehe 14 Februari 2024, kila mgeni wa kutoka nje hulipa ushuru wa rupia 150,000, karibu dola 10 za Marekani. Serikali ya huko inasema fedha hizo ni za kutunza mila na mazingira ya kisiwa. Maharusi wawili watalipa rupia 300,000, nje ya nauli, hoteli na viingilio vya mahekalu.